Mikia Minne ya Farasi

Siku ya kwanza niliingia kwa mwoka mikate
sentensi nimeibeba mdomoni kama yai:
mkate mmoja wa shayiri, tafadhali, na usiukate.
Binti wa kaunta akainua macho,
akaisikia Łomża ikikwaruza chini ya maneno yangu,
akanijibu kwa Kiingereza.
Kwa wema, sikatai. Kwa tabasamu.
Yai likaanguka, na mkate ukakatwa.

Ndivyo ilivyokuwa benki, posta, kwa daktari wa meno.
Miezi kumi na minne nabisha hodi Akureyri
na kila nikibisha
unafunguka mlango wa nyumba ya jirani.
Kiingereza changu chenyewe ni cha kuokoteza,
cha filamu na maboksi ya dawa.
Tukawa tunakutana humo, wao na mimi,
katika lugha isiyo ya mama wa yeyote,
kama abiria wa kituo kimoja
wasioulizana majina.

Jumanne jioni, maktaba ya shule,
Hrefna anatufundisha kwamba farasi ana mikia minne:
hestur akiwa amesimama, hest ukimzungumzia,
hesti ukitoka kwake, hests ukimwendea.
Sikushtuka. Kipolandi chetu kina mikia saba.
Lakini nikirudi chumbani na vikaratasi vyangu,
mikia nilimpungia nani?
Jokofu.

Kisha wakanipa zamu ya chumba namba tisa.

Mzee Sigtryggur, fundi umeme.
Ujanani alitandaza nyaya kambi ya Wamarekani
na Kiingereza chake, asema bintiye, kilikuwa cha kutamba,
cha mizaha, cha kuuzia watu magari mabovu.
Maradhi yake yanakula kuanzia juu ya gunia:
kilichoingia mwisho kimetoka kwanza.
Kiingereza kimekwisha. Hata neno la kusema ndiyo.

Nami nilipokosea mbele yake
hakuwa na mlango wa jirani wa kunifungulia.
Ilimbidi angoje.
Alingoja kijiko kikiwa hewani, uji ukipoa,
mpaka neno langu lijikokote na kufika.
“Hesti,” akasema. “Unatoka kwa farasi. Hesti.
Nani alikufundisha wewe, mvivu?”
Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Jumapili walimleta kitukuu, Álfrún, miaka sita,
na kishikwambi chake kinachoongea.
Alikuwa amechora farasi wa rangi ya zambarau.
Akamwonyesha mzee, akaeleza: jina lake, mbio zake,
kwato zake za dhahabu,
yote kwa Kiingereza, harakaharaka,
kwa sauti ya kile kishikwambi.
Mzee akamtazama
kama mtu anayezungusha redio akitafuta stesheni.
Akanigeukia mimi.

Nikamwambia: anasema farasi huyu ana kwato za dhahabu.
Mzee akaniambia: mwambie dhahabu ni laini, itaisha njiani.
“Hófur,” nikamwambia mtoto, nikigonga karatasi, “kwato.”
Akarudia. Hófur.
Mama yake alicheka,
mgeni kutoka Łomża akiwakalimania watu wa damu moja.
Kisha akaacha kucheka,
akaanza kutafuta funguo za gari mkobani,
na zilikuwa mkononi.

Sina la kumlaumu mtoto.
Mimi pia mpwa wangu huniandikia kwa Kiingereza
kutoka Łomża, na moyo mwekundu mwishoni.

Jumatatu nikarudi kwa mwoka mikate.
Binti akanijibu vilevile.
Nikamtazama kama Sigtryggur: macho meupe,
mtu ambaye gunia lake limeliwa.
Nikangoja. Foleni nyuma yangu ikakohoa.
Akaona haya, akaniuliza upya, polepole,
kwa lugha ya nyumbani kwake.

Mkate ukakatwa tena.
Kwa furaha nilisahau kusema usiukate.